Mashine Zisizougua

"Nimeisafisha, dada. Ilijaa virusi," aliniambia mwenye stesheneri ya Ngara mjini, akanirudishia flashi.

Nikamuuliza sauti ya mama iliyorekodiwa humo iko wapi. Akasema vyote vimekwenda pamoja. Mama tulikuwa tumeshamzika, na sauti yake haikuwepo mahali pengine popote. Niliipeleka pale itiwe kwenye CD, nimpelekee dada yangu aliyeolewa Nyamigogo, huko Biharamulo.

Sisi ni Warundi. Tuliishi kambi ya wakimbizi miaka mingi, na kambini kulikuwa na kituo cha kompyuta nilichokuwa nafagia. Shule yangu iliishia darasa la tatu, lakini kituo kile nilikipenda, na harufu ya sakafu mbichi ya asubuhi naikumbuka hadi leo.

Siku ya kumrekodi, mama alivaa kitenge cha kanisani, akakaa mbele ya kompyuta, akaisubiri. Mwalimu wa kituo akamhimiza aongee. Mama akasema mdogo ndiye huanza kusalimia. Basi mwalimu akainama nyuma ya mashine, akabana sauti: "Shikamoo, bibi." Mama akaitikia marahaba, ndipo akafunguka: kilima chetu, majina ya ng'ombe wa baba, wimbo aliotubembelezea. Tulicheka, tukalia, tukacheka tena.

Flashi ilikuwa ya majirani wote wa bloku yetu. Tuliivaa shingoni kwa kamba, kwa zamu, kama tulivyopokezana mrija wa pombe ya mtama. Ilikwenda mjini ikarudi. Kituoni ilifunguka vizuri na mama aliongea, nami nikaamini ni nzima.

Mashine za kituo zilitumia programu huria, zile za bure zinazoandikwa na watu wa kujitolea. Mwalimu alijivuna kwamba virusi vya mjini haviziwezi. Niliwahi kumuuliza kwa nini asiweke hata hivyo dawa ya virusi.

"Ya nini? Mashine zetu haziugui."

"Na za mjini?"

"Hao watajijua."

Alisema hata wanaoandika programu hizo wanaona kuweka dawa ni kupoteza nguvu.

Kweli hazikuugua. Zilipitisha tu virusi. Sisi wa kambini jambo hilo tulilijua: wakati wa kipindupindu hakuna aliyeulizwa kama anaharisha. Kila apitaye getini alikanyaga dawa, mzima na mgonjwa. Dawa ingewekwa kituoni, ingeua kirusi na kumwacha mama.

Mwenye duka alifuta vyote bila kuniuliza. Kosa hilo ni lake. Mwalimu aliwadharau wenzake wa mjini. Hilo ni lake pia. Lakini ninyi mnaoandika programu mlitupa bure, nasi tukawashukuru, na mlijua kirusi kinachopita ndani yake kinakwenda kuumiza wapi. Nani kati yenu aliamua kwamba hakiwahusu? Aje Nyamigogo amweleze dada yangu, ambaye rekodi ile hakuisikia hata mara moja.