Ngozi Chini ya Mfuko

Jabiri alikuwa fundi wa magari pale Ngarenaro, na katika miaka yote aliyoshinda chini ya magari ya watu hakuwahi kulazwa hata mara moja. Ndiyo maana tumbo lilipomvimba ghafla jioni moja ya Ramadhani, alidhani ni gesi tu ya futari. Kulipokucha alishindwa kusimama wima. Mke wake, Sophia, alimkimbiza hospitali kwa bajaji, na huko wakaambiwa utumbo umejisokota na sehemu yake imeshakufa. Aliingizwa chumba cha upasuaji kabla hajapata nafasi ya kuuliza watamfanya nini.

Alipozinduka alipapasa tumbo akitafuta kidonda. Mkono wake ukakutana na kitu laini cha nailoni, chenye joto. Akainua shuka. Upande wa kushoto wa tumbo alikuwa amebandikwa mfuko angavu, na ndani ya mfuko nyama nyekundu, yenye unyevu, ilikuwa imechomoza kutoka mwilini mwake. Ilikuwa inacheza taratibu, yenyewe.

"Sophia," alisema kwa sauti ndogo. "Utumbo wangu uko nje."

"Najua, Baba Muzammil. Daktari amenieleza. Choo kitapita hapo kwa muda. Ukipata nguvu watakufanyia upasuaji mwingine waurudishe."

Jabiri alirudisha shuka na kugeukia ukutani. Muuguzi alipokuja kuwafundisha namna ya kubadilisha mfuko, Sophia alisogea karibu aone. Jabiri alifumba macho.

Walipofika nyumbani, hata hivyo, hakutaka mke wake aguse. Alijifungia bafuni na mikasi na kazi akaifanya mwenyewe. Mfuko ulikuwa na kibandiko cha mviringo chenye gundi, na mgonjwa hutakiwa kukata tundu katikati, lienee ile nyama. Jabiri alilikata kubwa makusudi. Aliogopa gundi isije ikaugusa utumbo. Kwa hiyo choo kikawa kinapita pembeni, kinakaa juu ya ngozi, na ngozi ikaanza kuwaka kama imepakwa pilipili. Ikalowa maji maji, kibandiko kikakosa pa kushika. Siku moja mfuko ulimvujia akiwa anazungumza na jirani mlangoni, na tangu hapo akakataa kutoka. Msikitini hakwenda. Aliamini hana tena twahara ya kusimama na watu.

Ndipo akatuma kijana wa gereji amletee tepu, ile wanayozibia vioo vya gari wakati wa kupiga rangi. Akaizungusha juu ya kibandiko tabaka kwa tabaka, mpaka ikamkaba tumbo zima. Kwa mara ya kwanza mfuko haukuvuja, naye akalala vizuri.

Ulipofika wakati wa kuubadilisha, alishika ncha ya tepu na kuibandua kwa mkupuo mmoja, kama alivyozoea kwenye bodi ya gari. Akasikia mchaniko. Alipotazama tepu mkononi, aliona kitu cheupe kimenata juu yake, chembamba kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Ilimchukua muda kuelewa kuwa ni ngozi yake mwenyewe. Tumboni pakabaki pekundu, panachuruzika damu.

Sophia alisikia mguno akasukuma mlango mpaka komeo likang'oka. Alisimama hapo, mkono mdomoni.

"Naoza," Jabiri akasema. "Wamenikata vibaya, sasa naoza."

Sophia aliokota tepu sakafuni, akaitazama, akaiweka chini tena.

Mchana wa siku hiyo alibisha hodi mzee Abdiel, Mchaga mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anayeishi Kimandolu. Gari lake lilikuwa likitengenezwa na Jabiri kwa zaidi ya miaka kumi. Alikuwa amesikia fundi wake anaumwa. Jabiri alishawaambia watu wa nyumbani hataki wageni, lakini Sophia hakuwa na nguvu ya kumzuia mtu siku ile. Alimwambia kila kitu pale pale barazani, mpaka habari ya tepu.

Mzee alivua viatu akaingia chumbani.

"Shikamoo, mzee," Jabiri alisema, akivuta shuka mpaka kidevuni.

"Marahaba, fundi. Mama Muzammil ameniambia."

Jabiri akamtazama mkewe kwa hasira. Lakini Abdiel hakukaa. Alianza kufungua vifungo vya shati, akalichomoa kwenye suruali na kulipandisha. Upande wa kushoto wa tumbo lake palikuwa na mfuko kama ule ule, umelala bapa, na ngozi iliyouzunguka ilikuwa safi kama ya kiganja.

Jabiri alikaa kitandani bila kujua kama amekaa. Huyu ndiye aliyekuwa akiinama naye chini ya gari kuangalia springi. Wamekula nyama pamoja Nduruma kwenye harusi, bega kwa bega.

"Tangu lini, mzee?"

"Kabla hujanifahamu."

"Na mimi sikuwahi kuona."

"Hukuwa na sababu ya kutazama," mzee alisema, akirudisha shati. "Hiyo haiozi, Jabiri. Ni ngozi imechunika. Vaa twende kliniki."

Sista Skolastika, muuguzi wa kliniki ile, aliuliza ametumia nini. Jabiri alipomwambia, alivaa glovu. Aliosha kwa maji ya vuguvugu matupu, bila sabuni wala dawa kali, akakausha kwa kugusagusa, akanyunyiza unga maalumu pale palipochunika. Alipima ile nyama na kukata tundu linaloienea.

"Siku ya kutoa, usivute kibandiko," alisema. "Kilainishe kwa maji, halafu bonyeza ngozi kwa kidole, iachie yenyewe taratibu. Na tepu ibaki gerejini."

Alibandika pia kipande kidogo cha kibandiko cha aina nyingine upande wa kulia, aone kama ngozi yake inaikataa. Haikuikataa, wakahamia hiyo. Sophia alishona mkanda wa kitambaa chenye lastiki wa kuushikilia mfuko, na safari hii Jabiri alimwacha aufunge kwa mikono yake. Shehe naye alimwambia mwenye udhuru hutawadha kwa kila swala na kuswali kama wengine. Baada ya mwezi mmoja ngozi ilikuwa imefunga, ikabaki doa la zambarau.

Alirudi gereji, kwanza kwa kazi za kusimama tu. Mzee Abdiel alipoleta gari kubadilisha oili, Jabiri alimwambia hospitali imeshampangia mwezi wa kuurudisha utumbo. Akalalamika kwamba ni mbali mno, kwamba hawezi kuvumilia hali hii mpaka huko.

"Wewe wako utafungwa lini, mzee?" aliuliza.

"Wangu haufungwi. Walitoa kila kitu huku chini. Ilikuwa saratani."

Jabiri alibaki ameshika spana. Mzee Abdiel aliwasha injini, akafungua boneti mwenyewe na kuiegemeza.

"Na hii feni," alisema, "naona inapiga kelele. Hebu sikiliza."

Jabiri akasogea, akainamisha kichwa, akasikiliza.