Mbwa wa Depo na Beseni la Maji

Saa tano na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, mbwa alianguka mlangoni. Naikumbuka saa ile, mwanangu, kwa sababu niliiandika palepale katika daftari la depo, kabla hata sijamgusa.

Umeniandikia kwamba mjomba wako amekuletea mtoto wa mbwa kutoka Moba, nawe unauliza umlishe nini: chakula cha mfuko kinachouzwa dukani, au makombo kama anavyosema jirani yako. Nitakujibu, ila nitapitia kwanza siku ile ya Jumanne, maana jibu langu lilitoka huko.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kazi yangu ilikuwa kuandika magunia katika depo moja, yaani ghala, ya samaki wakavu, karibu na bandari yetu hapa Kalemie. Ndagala, dagaa wetu wa ziwani, waliokaushwa juani na samaki wakubwa waliotiwa chumvi walilala pale wakingoja treni au lori. Mwenye depo alinikabidhi vitu viwili, daftari na mbwa. Kwetu watu wengi huwapa mbwa majina ya kuwajibu majirani, na huyu aliitwa Watasema.

Depo ya samaki ina sheria moja kubwa: maji hayaingii. Samaki mkavu akipata unyevu jioni, asubuhi ana ukungu, na gunia zima linatupwa. Kwa hiyo Watasema alikunywa mara mbili kwa siku, nje ya mlango, wakati wa kufungua na wakati wa kufunga. Kuhusu chakula, sentineli mzee, mlinzi aliyekuwapo kabla yangu, alinifundisha: vichwa na matumbo kutoka kwenye pipa la chumvi, ukoko wa bukari, ndio ugali wetu, na pilipili kiganja kimoja. "Imbwa ya depo inakula moto, njo inabweka moto," aliniambia. Nilimwamini. Wazee walisema usilolijua ni kama usiku wa giza. Mimi nimeona kwamba lile unalodhani unalijua lina giza zaidi, kwa sababu huchukui taa.

Kwa miezi mitatu niliandika mambo ya mbwa yule kama nilivyoandika magunia. Manyoya yalikuwa yakitoka mgongoni. Alijikuna mpaka damu. Alitapika, mwanzoni mara moja kwa juma, halafu mara tatu. Tena niliandika kwamba kila jua likipanda alipita katika tundu la uzio na kwenda uwanjani kwa Mama Feza, mjane aliyekausha ndagala jirani yetu. Nililinganisha kurasa nikaona kwamba siku alizokawia kwa Mama Feza ndizo siku alizorudi akiwa hoi zaidi. Nikakumbuka pia kwamba mama huyo aliwahi kulalamika kuwa mbwa anamwibia samaki. Hesabu ikanitosha. Niliamua kwamba anamtilia sumu, na siku ya Jumapili nikaliziba lile tundu kwa bati na misumari.

Jumanne Watasema akaanguka. Miguu ilitetemeka, ulimi ulikuwa mkavu kama kipande cha ngozi. Nikazunguka uzio hadi kwa Mama Feza, na wateja wake wanawake wanne au watano walikuwapo.

"Mama Feza, imbwa ya depo inakufa. Umeipatia nini?"

Hakuacha kugeuza ndagala wake juu ya kichanja. "Nimeipatia kitu, ndiyo."

"Basi umekubali mbele ya bantu. Ni sumu gani?"

Mama Feza akajifuta mikono kwenye kitenge. "Kijana wa daftari," akasema, "kuja uone ile sumu, uandike muzuri."

Alinipeleka nyuma ya kichanja, penye kivuli. Palikuwa na beseni la zamani lenye maji, na kando yake mfuniko wa sufuria wenye ndagala wabichi waliochemshwa pamoja na bukari laini. Mainzi walikuwa wameanza kutua juu ya kile chakula. Hakikuwa kimeguswa.

"Kila siku joto ikipanda inakuja hapa," alisema. "Inakunywa, inakunywa, halafu inalala. Siku ingine inashindwa hata kusimama kurudi kwako. Jana haikuja. Leo haikuja. Kule kwako inakula nini?"

Nilimwambia. Nilipofika kwenye pilipili, mmoja wa wateja akasema, "Papa, hata bibi yako utamupikia vile?" Wakacheka wote, isipokuwa Mama Feza.

"Na maji?" akauliza.

Tangu Jumapili nilikuwa nimempa maji yaleyale ya mara mbili, na chumvi ileile. Wahenga wanasema mbwa hafi maji akiona ufuko. Watasema alikuwa ameuona ufuko wake miezi mitatu, akauendea kila siku, na mimi ndiye niliyeupigilia bati.

Tulimbeba mbwa hadi kivulini. Nilichota ndoo nzima nimmiminie, Mama Feza akanishika kifundo cha mkono. "Hapana yote. Ukiipatia yote sasa, njo utaimaliza." Akampa kikombe kidogo, akangoja, akampa kingine. Tuliendelea hivyo mpaka alasiri. Saa nane alifika veterineri, daktari wa mifugo niliyekuwa nimemtumia mtu amwite, akamchunguza, akatuambia hakuna sumu. Ni chumvi iliyopita kiasi na kiu. Alisema mkono wa mama huyu ulikuwa sahihi, tusiharakishe maji. Saa kumi na moja jioni Watasema aliinua kichwa.

Ungetazamia kwamba nilikuwa nimejifunza, mwanangu. Siku chache baadaye, mbwa alipopata nguvu, nilitupa chakula chote cha zamani na kumpikia sufuria ya samaki wabichi na maini ya ng'ombe. Alikula yote. Siku mbili aliharisha uwanja mzima. Mama Feza alipomwona alitikisa kichwa. "Wewe, Papa, unakosa na mukono wa kuume, halafu unakosa na wa kushoto. Tumbo lilizoea vibaya, lakini lilizoea."

Basi tukafanya kwa utaratibu wake. Samaki wa zamani niliwaloweka na kuwasuuza mpaka chumvi ikaisha. Siku tatu za kwanza, sehemu tatu zilikuwa za chakula alichokizoea na moja ya kile kipya. Halafu nusu kwa nusu, halafu kipya kikazidi, na siku ya kumi alikuwa anakula ndagala wabichi wa kuchemsha, bukari laini na kipande cha boga, bila chumvi wala pilipili. Beseni la maji nililiweka nje ya ukuta, kando ya mlango, likiwa limejaa mchana kutwa. Hakuna gunia lililoota ukungu. Katika juma la sita manyoya yalirudi. Alilinda depo ile miaka minane mingine, na alibweka vilevile.

Lakini ulimi hauna mfupa, na neno sumu lilikuwa limeshatembea barabarani. Wateja wawili wa Mama Feza waliacha kununua kwake. Jumamosi ya juma lilelile la kuanguka kwa mbwa, shefu wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu, akaniita. Uamuzi ulikuwa kuku mmoja na mche wa sabuni, na niseme kosa langu mbele ya wanawake walewale. Nililisema, nimesimama karibu na kichanja, na wale wawili walioacha kununua walikuwapo. Mama Feza alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," alisema. "Sasa ondoa lile bati."

Sasa nikujibu. Chakula cha mfuko si sumu, lakini kwetu mara nyingi kinauzwa kwa kopo kutoka katika mfuko ulio wazi, na hujui umekaa kwenye joto tangu lini. Wewe unaishi kando ya ziwa. Samaki mbichi mdogo, aliyechemshwa, ni chakula kizuri. Samaki mkubwa mtoe miiba. Changanya na bukari laini au wali, boga au mboga iliyoiva, na yai au maini kidogo mara mojamoja. Chumvi, vitunguu na pilipili vibaki katika sahani yako. Kama ameshazoea kitu kingine, mbadilishie kwa siku kumi, si kwa siku moja. Mdogo ale kidogo mara tatu kwa siku. Maji yawepo saa zote, na chombo kioshwe kila asubuhi. Kila Jumamosi mpekue masikio na katikati ya vidole, utoe kupe. Mpeleke kwa veterineri akapate dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa. Hilo usiliahirishe, maana linawahusu na watu wa nyumbani.

Tena akiugua, anza kutazama ndani ya bakuli ulilomjazia wewe, kabla hujatazama juu ya uzio wa jirani. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa na daftari zuri na kurasa zilizonyooka, na jina la mkosaji halikuwemo, kwa sababu mwandishi hakujiandika.

Mungu akulinde wewe na kiumbe ulichokabidhiwa. Akupe jirani mwenye kivuli, na beseni lako lisikauke.

Daftari lile bado ninalo. Kwenye ukurasa wa Jumamosi ile nimeandika: kuku, franka elfu sita, sabuni, elfu moja na mia tano, veterineri, elfu nne. Jumla niliyopoteza, franka elfu kumi na moja na mia tano.