Kadi ishirini za mtoto wangu nilizoziandika mara mbili

Wakuu, heshima kwenu.

Hili sijawahi kumsimulia mtu lote, hata kaka yangu anajua nusu tu. Ni kweli tupu, mwenye kutaka chai atafute uzi mwingine.

Mwaka 2014 nilikuwa mwalimu wa sekondari Kasulu. Mimi ni mtu wa Singida, serikali ndiyo iliyonileta huku. Mke wangu ni Muha wa Makere.

Mwaka huo tukapata mtoto wa kiume, kilo tatu na ushee, akilia mtaa mzima unajua. Nilichanganyikiwa kwa furaha. Ndugu zangu wako mbali, nikasema hawa lazima wapate kitu cha kushika mkononi, sio SMS tu.

Stationery za mjini zilikuwa na kadi za harusi tu. Na mnajua wenyewe, ukimpa mtu kadi iliyochapwa anahisi mchango, anaanza kukukwepa sokoni.

Nikaamua kutengeneza mwenyewe. Manila nyeupe, marker pen, na pedi ya muhuri ya ofisini (mkuu wa shule kama unasoma, niliirudisha).

Kila kadi nikagonga unyayo wa kulia wa mtoto. Kadi ishirini! Mama mkwe, aliyekuja kumhudumia mzazi, alinitazama weee, mwisho akasema, "Mkwe, huyo ni mwana, si muhuri wa kijiji."

Chini ya unyayo nikaandika kwa mwandiko wangu bora wa ubaoni: "Tunamshukuru Mungu kwa mtoto wetu wa kwanza."

Nikampelekea wife, nasubiri sifa.

Akasoma. Akauliza, "Wa kwanza?" Akanirudishia kadi, akageukia ukutani na mtoto wake. Siku mbili nzima alinijibu ndiyo na hapana tu.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo.

Mwaka 2012 nilikuwa bado Kibondo. Mke wangu alikwenda kujifungulia kwao Makere, mimi nikabaki kusimamia mitihani. Nikapigiwa simu kwamba mtoto hakukaa. Nilipofika, kina mama wa ukoo walikuwa wameshazika. Nikaambiwa nisimuulize mzazi chochote, nisimtoneshe kidonda, atapata mwingine.

Nikatii. Hakukuwa na turubai la msiba wala mtu wa kusema pole. Na niseme ukweli, kutii kulinifaa, maana niliogopa. Tukahamia Kasulu, habari ikaishia hapo. Yaani kwangu mimi ndiyo iliishia.

Siku ya tatu nikakaa pembeni ya kitanda, nikamwambia nimekosa. Utetezi sikuwa nao. Akasema, "Andika upya. Andika wa pili."

Nikamwambia watu watauliza wa kwanza yuko wapi.

"Si waulize," akasema.

Nikanunua manila nyingine. Safari hii nikagonga unyayo wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa bado bluu na mama mkwe ameuwekea ulinzi.

Kadi ya kwanza niliipeleka kwa jirani, mama mmoja mtu mzima mwenye asili ya Burundi, muuza maharage. Kusoma hajui. Kesho yake asubuhi akaja nayo, na unga wa ulezi kwenye kapu. "Mwakeye," akatusalimia, kisha akampa mke wangu kadi. "Nisomee, mwanangu."

Mke wangu akasoma kwa sauti mpaka mwisho. "Mtoto wetu wa pili."

"Na wa kwanza mmemwacha wapi?"

Mimi nilikuwa mlangoni na chupa ya chai. Nilitaka kuingilia, nibadilishe mada.

"Yuko Makere, mama," mke wangu akajibu. "Alikuwa wa kike. Walinipa nikamshika kidogo."

Yule mama akaweka kapu chini, akamshika mikono yote miwili. "Pole, mwanangu. Pole kwa mtoto wako." Wakalia wote wawili, na mtoto naye akaamka akaungana nao.

Mimi nilibaki palepale na chai yangu.

Wa kike.

Wakuu, miaka miwili nilikuwa baba wa binti na sikujua, kwa sababu sikuuliza.

Mgeni alipoondoka, nikamuuliza mke wangu kama alimpa jina. Kumbe alimpa, siku ileile, akakaa nalo peke yake. Akaniambia. Humu sitaliandika. Ila kuna kadi moja hatukumpa mtu, iko ukutani kwetu, na jina hilo lipo, juu ya la mdogo wake.

Nilichojifunza: nilidhani kunyamaza ni kumpunguzia mke wangu mzigo, kumbe nilimwachia aubebe mwenyewe. Kama nyumbani kwako kuna habari ya namna hii, leo ukirudi kaa naye, uliza.

Mliopitia haya, hasa kina baba, nyie mlifanyaje? Andikeni, nasoma yote.

Na siku hizi nikiulizwa nina watoto wangapi, nasema wawili. Wa kwanza ni binti.