Dhahabu Iliyogeuka Buluu

Wifi yangu anaosha chupa. Ndiyo kazi yake, mwaka wa kumi na tisa huu, kwenye maabara ambayo mimi natunza stoo. Tunamwita Mama Suuza, maana kila chupa huisuuza mara saba kwa maji yaliyosafishwa na mtambo, akihesabu kwa sauti. Msemeshe akiwa kwenye nne, aanze upya, halafu utajuta kuzaliwa.

Mwaka huu daktari wetu alikuwa akitengeneza chembe za dhahabu, ndogo hata jicho halizioni. Zikiwa ndani ya maji, maji huwa mekundu. Kazi ya chembe hizo ni kunasa protini ambayo moyo ulioumia huivujisha kwenye damu, mashine ya mwanga iione hata ikiwa kidogo mno. Lakini wapi! Wiki tatu, maji mekundu yakawa yanageuka buluu.

"Chupa chafu hizi," daktari akasema mbele za watu. "Yakigeuka tena Ijumaa, tutafute muoshaji mwingine."

Nilitaka kumrushia kopo. Nyumbani wifi hakugusa chakula. "Wifi, au macho yangu yameshazeeka?" akaniuliza. Mimi na domo langu lote, nikaishia kumsogezea sahani.

Ijumaa alikabidhi chupa, akagoma kuondoka. Daktari akaichukua, akaenda nayo bombani, akaipitisha maji, akaikung'uta.

"Unafanya nini, mwanangu?" wifi akamuuliza.

"Naisuuza tu. Mazoea ya nyumbani. Mama alikuwa hatumii chombo bila kukisuuza."

Nyani haoni kundule! Wifi akalileta birika letu la chai, akalifunua. Ndani gamba jeupe tupu. "Maji ya bomba hayo. Chumvi."

Daktari akaketi. Chumvi ndiyo huzifanya chembe za dhahabu zishikane, na zikishikana wekundu unageuka buluu. Somo hilo anawafundisha wengine kila mwaka.

Akachukua chupa nyingine, hakuipeleka bombani. Jumatatu maji yalikuwa mekundu vilevile, nami nikashusha pumzi ya wiki tatu, nikacheka hadi machozi.

Daktari akawakusanya watu walewale, akaja nao kuomba radhi. Wakamkuta wifi kwenye karo, amefika nne. Daktari akafumba mdomo, akasubiri saba.