Chaki ya Sebuleni na Ndege wa Lupiro

Kuna siku ninaikumbuka, mwanangu, tangu nikiwa binti wa miaka kumi na mitatu kule ng'ambo ya mto, Lupiro. Na kilichonirudisha huko si mahubiri ya padri. Ni televisheni ya wajukuu wangu. Cheka tu, lakini ngoja kwanza.

Kila Jumapili jioni sebule yangu hapa Ifakara hujaa watu kwa ajili ya mchezo mmoja wa vichekesho. Mgane mwenye watoto watatu kaoa mjane mwenye wawili, wote wamejazana nyumba moja yenye choo kimoja. Mwanzoni nilinung'unika kwamba ni upuuzi wa mjini. Siku hizi chakula kikichelewa mpaka mchezo ukaanza, mgomvi ni mimi. Waliotunga mchezo ule nawavulia kilemba: wanakuchekesha huku wanakusema.

Jumapili moja wale watoto waligombana, wakachora mstari wa chaki katikati ya sebule, huku kwetu, kule kwenu. Televisheni ikabaki upande mmoja, rimoti upande wa pili. Loo! Yule mama, hodari kweli, hakufoka wala kumpiga mtu. Alipika, akatua ugali upande huu, samaki upande ule, akakaa zake juu ya mstari akala vyote viwili. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Nami nilicheka, kisha nikajikuta nalia kweli. Maana mstari kama ule, mwanangu, niliwahi kuuchora mimi.

Baba yangu alipofariki, mama aliolewa na mgane wa Lupiro, baba yake Tekla. Mimi na Tekla tulikuwa rika moja. Shamba la mpunga lilikuwa moja, katikati limepita tuta. Upande huu mama alipanda mbegu ya kwetu. Upande ule Tekla alipanda mbegu aliyoachiwa na marehemu mama yake, mpunga mwembamba unaonukia tangu ukiwa shambani, na hakuna mwingine kijijini aliyekuwa nayo. Masuke yalipoanza kujaa maziwa tulihamia shambani kama ilivyo desturi yetu, tukalala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti. Kazi yetu wasichana ilikuwa kuamia ndege, yaani kuwafukuza kutwa nzima kwa kelele za madebe na udongo wa kombeo.

Sasa, mimi nilikuwa na wivu. Tekla akimwita mama yangu "mama", roho inaniuma. Basi wazazi wakaenda msibani siku mbili, na Tekla homa ikamshika. Akaniambia kutoka dunguni, "Dada, niamie na kwangu."

Nikamjibu, "Haya, lala."

Nikapiga madebe upande wetu tu. Kundi likiinuka kwetu linatua kwake, mimi nimesimama kwenye tuta natazama. Tena nilitabasamu, Mungu anisamehe.

Wazazi waliporudi, mpunga wetu ulikuwa umeinama kwa uzito. Wa Tekla umesimama wima, mtupu. Baba yake aliuangalia huu, akauangalia ule. "Ndege wa mwaka huu wamesoma?" akauliza. "Wanajua kwamba tuta hili ni mpaka?"

Mama yangu aliingiwa na hofu. Mke mgeni, mwanawe kafanya vile, nyumba si ingevunjika? Aliyesema ni Tekla.

"Baba, kosa ni langu. Nililala."

Mzee hakumchapa mtu. Alichukua jembe, akalibomoa lile tuta mbele yetu. "Ndege haulizi mama yako nani," akasema, na macho yake yalikuwa kwangu. "Anatazama nani kalala. Kuanzia leo nataka kuona mpunga, sitaki kusikia ni wa nani." Kisha akanipa ungo, nikapita suke kwa suke kutafuta punje zilizobaki za mbegu ya marehemu. Nilipata kibakuli kimoja. Ndiyo mbegu tunayopanda mpaka leo.

Jumapili ile ya chaki, Tekla alikuwa kando yangu kwenye kochi, bibi mwenzangu, mapengo mawili mbele. Wakati wa matangazo nikamwambia, "Tekla, wale ndege niliwaleta kwako mimi."

Hata hakugeuka. "Nilikuwa naumwa, sikuwa kiziwi. Madebe yalilia upande mmoja tu."

"Sasa kwa nini ulijisingizia?"

"Mama alikuwa ameanza kunisuka nywele," akasema. "Niliogopa atafukuzwa. Nyamaza bwana, mchezo unaanza."

Mwanangu, wewe unayeingia nyumba yenye watoto wa mwenzio, au unayeletewa dada usiyezaliwa naye, nisikilize. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea. Nami naongeza kwamba hata kulelewa ni kazi, na kupokewa ni kazi. Wakati unauona upande wako tu, kuna mtoto upande wa pili anayeogopa kumpoteza mama kwa mara ya pili. Basi usipige debe upande mmoja. Ukiambiwa "niangalizie", angalia kama chako. Na ukikosa, sema mapema, usifanye kama mimi niliyelibeba neno la dakika moja mpaka nikazeeka nalo. Na mchezo ule utazame, ucheke sana, halafu ujiulize chaki yako umeificha wapi.

Mungu akupe nyumba yenye kelele na chungu kinachowatosha wote. Akupe na ndugu anayejua ubaya wako wote, na bado anakuita dada.