Kijani cha Maharage Mabichi

Mimi si wa huku. Ajira ya serikali ndiyo iliyonileta Kasulu, nikaoa kijiji cha Nyakitonto, na kwa kuwa najua kutengeneza programu za simu, baba mkwe akapata la kujivunia. "Mkwe wangu anaiamrisha simu, nayo inatii," aliwaambia wenzake wa kikundi cha wakulima. Kichwa kikanivimba.

Nikawatengenezea programu ya maharage. Ukiifungua unaona picha ya maharage na swichi moja. Yakikauka unaiwasha, na lori la mnunuzi kutoka Kibondo linakuja kupakia. Maandishi niliyaondoa, maana wazee wengi macho yamechoka. Mafunzo sikutoa: swichi moja, mafunzo ya nini? Na rangi sikuchagua. Ikiwashwa ni kijani, ikizimwa ni kijivu. Ndivyo inavyokuja yenyewe, nikaiacha hivyo. Nani asiyejua kwamba kijani ni tayari?

Siku ya lori nikaenda ukweni na shati lililopigwa pasi. Lori likapita kwa baba mkwe bila kupunguza mwendo, likasimama kwa jirani yake, ambaye maharage yake yalikuwa bado mabichi kwenye maganda. Nyumba ya pili vivyo hivyo. Dereva akafoka kwamba hana muda wa kuchezewa na watu wasiojua maharage makavu, akageuza lori, akaenda kununua vijiji vingine. Uani kwa baba mkwe magunia yalikuwa yamepangwa, makavu ya kuvunja jino, na wingu lilikuwa limeshatanda upande wa Kabanga.

Kikundi kikakusanyika. Yule jirani, mama asiyemung'unya maneno, akanigeukia. "Shemeji, haya yangu mabichi, nikaweka kijani. Ya mzee yamekauka, akaacha ile rangi ya ganda kavu. Kijani si ubichi? Tumekosea wapi?"

Hawakukosea popote. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikafungua mdomo niseme, lakini baba mkwe akawahi kusimama, kofia mkononi.

"Mwana wanje, mwanangu huyu, hana kosa. Alinieleza vizuri sana, mimi nikasahau kuwafikishia. Uzee huu."

Hakusahau lolote. Sikuwahi kumweleza neno. Lakini mkwe hamkanushi baba mkwe mbele ya watu. Ningesema kweli, ningemfanya mwongo mbele ya rika lake. Wakamcheka kidogo, wakamlaumu sana, naye akainamisha kichwa akapokea yote.

Mvua ikaanguka. Tukaingiza magunia ndani, hata pale ninapokaa mimi mgeni pakajaa. Mama mkwe akanisogezea kigoda. Nilidhani sasa, tukiwa wenyewe, mzee atanisema, na kusema kweli nilitamani aniseme. Akakaa karibu yangu, akatoa simu yake, akaifuta kwenye shati.

"Haya mkwe," akasema, kwa sauti ya kutosha mkewe asikie. "Nieleze tena."