Soli za Fundi Kesho

Jumamosi ile nilikuwa nafungua kibanda changu cha kunyoa, jirani yangu fundi viatu akaniambia nifunge tena, tunapanda ziwani. Nikadhani ananitania. Miaka ishirini na saba anatengeneza buti za watu wanaopanda kwenda kwenye lile ziwa la volkeno, na yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga hata mwanzo wa njia. Lakini midomo ilikuwa imemkauka, kwa hiyo nilifunga.

Kisa chenyewe kilikuwa buti za binti yake wa mwisho. Fundi alizibandika soli mpya kwa gundi, akaziweka dirishani zikauke, azishone asubuhi. Ndivyo anavyofanya kazi: gundi leo, uzi kesho. Kwa ajili ya kesho hiyo mtaa mzima unamwita Fundi Kesho, naye hujibu kwamba haraka haraka haina baraka. Alipoamka dirisha lilikuwa tupu. Binti alishaondoka na wenzake wa kiwanda cha mikate, na simu yake haipatikani.

"Kule juu kuna mahali ardhi ina joto," aliniambia. "Gundi ikilainika, soli inabanduka. Na hapo ndipo wanapoanza kushuka."

Njia si ngumu, hata wenye vitambi kama mimi huipanda. Ila kutoka ukingoni hadi majini unashukia kokoto nyeusi zinazoteleza, na upande mmoja ni korongo. Fundi alikuwa hatazami korongo wala milima. Kila tuliyepishana naye alimwangalia miguu kwanza, kisha akamuuliza kama amemwona msichana mwenye skafu ya njano. Bwana mmoja akasema yuko mwanamke ameteguka mguu huko ziwani. Skafu hakuiona.

Fundi alikaa juu ya jiwe. Halafu akainuka na kwenda kama anayekimbia, na mimi nyuma yake nikihema, nikiogopa nitarudi na maiti. Mfukoni alikuwa na sindano yake na uzi wa nta, akivishika kila mara. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na alilijua hilo.

Penye mvuke aliinama akaigusa ardhi kwa kiganja. Hatua chache mbele, soli ya kiatu chake mwenyewe ikaachia na kuanza kupiga chini. Kwa kweli nilicheka kidogo, na najuta.

Tulipofika majini, aliyeteguka alikuwa mwanamke mwingine, mguu wake umefungwa kwa ile skafu ya njano. Binti alikuwa amechuchumaa kando yake. Alipotuona alisimama, uso umembadilika.

"Baba? Nani amefariki?"

Fundi alipiga magoti, akainua mguu wa binti yake na kuipindua buti. Ilikuwa imeshonwa kuizunguka yote, mishono midogo, sawasawa, fundo limefichwa ndani kama anavyolificha yeye.

"Nani amekushonea?"

"Mimi. Niliona bado hazijashonwa, nikaamka kabla hakujakucha."

"Nani alikufundisha?"

"Nilikuomba wewe, baba, ukasema si kazi ya wasichana. Basi nikawa nakuangalia tu."

Hilo nilikuwa nalijua. Kibanda changu na chake vinatenganishwa na ubao, na ombi hilo nimelisikia mara nyingi, na jibu lake pia. Najua vilevile kwamba siku hizi mikono ya fundi inatetemeka, uzi unaingia kwenye sindano kwa mara ya tatu au ya nne.

Fundi alipitisha kidole kwenye mishono, akaujaribu uzi kwa ukucha. Haukulegea. Akakaa chini, akavua kiatu chake kilichoachama, akatoa sindano na uzi mfukoni, akampa vyote binti yake.

Binti akaanza kushona. Baba yake alimtazama tangu mshono wa kwanza mpaka fundo, na hakumrekebisha popote.